Sosholojia ndani ya shahada ya uchumi: somo moja, mkondo mdogo au shahada ya pamoja?

Mwanafunzi wa uchumi hufika mahali, mara nyingi mwishoni mwa mwaka wa kwanza, anapewa orodha ya masomo ya hiari na kuikuta sosholojia humo. Wengi huichagua kwa sababu mbili: ratiba yake haigongani na hisabati, na inasemekana ni nyepesi. Sababu ya kwanza ni ya dharura tu. Ya pili si kweli. Ugumu wake umekaa upande mwingine, na aliyezoea kupata alama za juu kwenye maswali ya hesabu hushangaa kurudishiwa insha yenye alama za wastani asijue alipokosea.

Njia zilizo mbele yake ni nne. Anaweza kuchukua somo moja la utangulizi na kuishia hapo. Anaweza kuchukua masomo mawili hadi manne yanayofuatana, yaani mkondo mdogo pembeni ya uchumi. Anaweza kujisajili katika shahada ya pamoja ya uchumi na sosholojia. Au aiache kabisa, nafasi hizo azijaze kwa hisabati, saikolojia au sayansi ya siasa. Tuseme msimamo wetu mapema: njia ya pili ndiyo yenye faida kwa walio wengi, na ya kwanza, inayopendwa kuliko zote, ndiyo dhaifu kuliko zote. Kinachoamua ni kiasi utakachosoma, mpangilio wake, na kozi gani hasa.

## Swali moja, mikono miwili

Tofauti ya taaluma hizi haionekani vizuri kwenye fasili za kurasa za mwanzo za vitabu. Zitazame zikiwa kazini juu ya swali moja: je, waajiri hubagua?

Mwaka 2003 mwanasosholojia Devah Pager alichapisha utafiti uliofanyika Milwaukee, Marekani. Vijana wanne, jozi moja ya Wazungu na jozi moja ya Wamarekani weusi, walikwenda wenyewe kwa waajiri 350 kuomba kazi za ngazi ya chini. Ndani ya kila jozi mmoja alijitambulisha kuwa amewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya, na zamu ya kubeba rekodi hiyo ilibadilishwa. Mzungu asiye na rekodi aliitwa tena katika asilimia 34 ya maombi, Mzungu mwenye rekodi asilimia 17, Mmarekani mweusi asiye na rekodi asilimia 14, na mwenye rekodi asilimia 5. Maana yake, mweusi aliyekuwa safi alipata nafasi ndogo kuliko Mzungu aliyesema ametoka jela.

Mwaka uliofuata wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo yao kutoka Boston na Chicago. Wao hawakutuma watu. Walituma wasifu wa kubuni karibu 5,000 kujibu matangazo ya kazi, majina yakigawanywa kwa bahati nasibu. Majina yanayosikika ya Kizungu yaliitwa kwa asilimia 9.65, na yanayosikika ya Wamarekani weusi kwa asilimia 6.45.

Ukizisoma tafiti hizi mbili kwa pamoja unaona kila upande umepata nini na umekosa nini. Wanauchumi walipata sampuli kubwa ambayo ndani yake jina ndilo lililogawanywa kwa nasibu, wakaweza hata kupima kama wasifu bora zaidi unasaidia. Uliwasaidia wenye majina ya Kizungu. Wale wengine uliwasaidia kidogo mno. Walichokosa ni yote yanayotokea baada ya simu, kwa sababu karatasi haiwezi kusalimiana na mwajiri. Pager alipata mkutano wenyewe, uso kwa uso, na akapima rekodi ya jela na rangi katika utafiti mmoja. Alichokosa ni ulinganifu kamili: jozi ya Wazungu ilikwenda kwa waajiri 150 na jozi ya weusi kwa waajiri wengine 200, na watu wanne hawawezi kufanana kwa kila kitu. Mwanauchumi James Heckman alikuwa ameshaitoa hoja hiyo mwaka 1998 dhidi ya majaribio ya jozi kwa ujumla.

Jaribio ni la aina moja. Taaluma zinaachana kwenye swali linalofuata baada ya jedwali. Mwanauchumi atauliza: mwajiri huyu analichukia kundi, kama Gary Becker alivyoeleza mwaka 1957, au anakisia uwezo wa mtu kwa kutumia wastani wa kundi lake? Mwanasosholojia atauliza: alama hii ya jela inatengenezwaje, inabandikwa kwa nani zaidi, na inazalishaje tabaka lilelile kizazi hadi kizazi? Anayeyaona maswali yote mawili kuwa halali ataishi vizuri ndani ya sosholojia. Anayeliona la pili kuwa maneno matupu ajiepushe na shahada ya pamoja, maana atateseka miaka mitatu.

Taaluma hizi hukopeshana sana kuliko walimu wa mwaka wa kwanza wanavyokubali. Max Weber, mmoja wa waasisi wa sosholojia, aliajiriwa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, mwaka 1894 kama profesa wa uchumi. Vilfredo Pareto, ambaye jina lake utalikuta kwenye kila kitabu cha uchumi, alitoa kitabu kikubwa cha sosholojia mwaka 1916. Mwaka 1982 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala kuhusu ajira kama kubadilishana zawadi, akianzia kwenye uchunguzi wa mwanasosholojia George Homans wa miaka ya 1950: wasichana wa ofisini waliokuwa wakizidi kiwango cha kazi walichowekewa, bila kulipwa zaidi na bila kutarajia kupandishwa cheo. Modeli ya kawaida ya mshahara haina mahali pa kuwaweka wasichana hao. Akerlof aliwatafutia mahali.

## Wiki yako itabadilika vipi

Wiki ya uchumi ina mazoezi. Unapewa maswali manne au matano, unatoa derivativu, unachora mikunjo, na ukifika mwisho unajua kama umepata. Wiki ya sosholojia ina kurasa. Kurasa 60 hadi 120 kwa kozi moja si jambo la ajabu, na maandishi ya nadharia hayasomeki kwa kasi ya gazeti: hesabu kurasa 10 hadi 12 kwa saa kwa nadharia nzito, na 20 hivi kwa makala ya utafiti. Ukichukua kozi mbili za namna hiyo kwa mpigo katika muhula mmoja wenye ekonometriki (takwimu za kupima mahusiano ya kiuchumi), kitu kimoja kitaanguka, na kwa kawaida kinachoanguka ni usomaji. Ndipo mtu anaingia semina akiwa amesoma utangulizi tu na kukaa kimya saa mbili.

Usisome kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Soma utangulizi na hitimisho kwanza, kisha tafuta mambo manne na uyaandike kwa nusu ukurasa: mwandishi anadai nini, anabishana na nani, ushahidi wake ni upi, na dai lake lingevunjwa na nini. Hilo la nne wanafunzi wa sosholojia wenyewe hulisahau. Wewe unayetoka kwenye uchumi una faida hapo, itumie.

Kwenye insha, makosa ya wanauchumi yanajirudia kiasi kwamba mtahini huyatambua kwenye aya ya kwanza. La kawaida ni kueleza kila kitu kwa upendeleo wa mtu binafsi hata pale swali linapouliza huo upendeleo umetoka wapi. La pili ni kusema kanuni fulani ya kijamii ipo kwa sababu inapunguza gharama, kisha kuishia hapo. Faida ya kitu haielezi kimefikaje. Lazima uonyeshe nani alikianzisha, nani anakisimamia, na kwa nini waliopata hasara hawakukiondoa. La tatu ni kuukosoa utafiti wa mahojiano kwa hoja moja tu kwamba sampuli ni ndogo, kana kwamba lengo lake lilikuwa kukadiria asilimia ya watu.

Tuchukue swali moja la insha tulifungue: kwa nini watoto wa wasomi huingia vyuo vikuu kwa wingi kuliko wengine? Jibu la haraka la mwanauchumi ni uwekezaji katika rasilimali watu: familia isiyo na fedha haiwezi kukopa kwa ajili ya elimu, basi inawekeza kidogo. Ni jibu zuri, ila halimalizi kazi. Mwanasosholojia Raymond Boudon, mwaka 1974, alilikata swali vipande viwili. Kipande cha kwanza ni tofauti ya ufaulu: watoto wa matabaka mbalimbali wanafika mwisho wa sekondari na alama tofauti. Cha pili ni tofauti ya uamuzi: hata wale wenye alama sawa hawachagui sawa. Hizi zinahitaji tiba tofauti kabisa. Kwa cha kwanza unaweza kumleta mwanasosholojia Pierre Bourdieu na mtaji wa kitamaduni, yaani lugha, mazoea na ujuzi wa nyumbani ambao shule huupa thawabu bila kuufundisha. Kwa cha pili wapo wanasosholojia Richard Breen na John Goldthorpe, ambao mwaka 1997 waliandika modeli rasmi: kila familia hujitahidi kwanza isishuke chini ya tabaka lake, na kwa mtoto wa msomi kutokwenda chuo ndiko kushuka. Hapo mwanauchumi atajisikia nyumbani, kwa kuwa modeli ina uwezekano, gharama na matarajio.

Insha inayopanga hivyo, ikaeleza ni data gani ingetenganisha vipande hivyo viwili (alama za mtihani pamoja na uamuzi wa kuendelea, kwa wanafunzi walewale), inapita kwa urahisi ile inayoorodhesha Marx, Durkheim na Weber aya moja moja.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na wanafunzi wa shahada ya pamoja hulibeba hadi kwenye mitihani ya uchumi: kusema dhana ya modeli si ya kweli, basi modeli haifai. Alama haipatikani hapo. Onyesha ni hitimisho lipi linabadilika dhana hiyo ikilegezwa.

## Mbinu: hapa ndipo faida kubwa ilipo

Wengi hudhani uchumi ni namba na sosholojia ni maneno. Sosholojia ya takwimu ni tawi kubwa, linatumia programu za takwimu za Stata na R kama wewe, na lina desturi zake ambazo ni tofauti na za ekonometriki kwa sababu zinazoeleweka.

Kigeu (jambo linalopimwa) kinachoelezwa kikiwa ndiyo au hapana, kwa mfano ameajiriwa au hajaajiriwa, mwanasosholojia kwa mazoea atatumia rigresheni ya lojisti, yaani mlinganyo wa takwimu unaobana utabiri ubaki kati ya 0 na 1. Mwanauchumi wa leo mara nyingi atatumia modeli ya mstari yenye makosa sanifu (kipimo cha shaka iliyo kwenye makadirio) yaliyorekebishwa. Modeli ya mstari inaweza kutabiri uwezekano ulio chini ya 0 au juu ya 1, lakini vizidishi vyake, yaani namba zinazoonyesha uzito wa kila kigeu, husomeka moja kwa moja kama asilimia. Ile ya lojisti haitoi utabiri wa ajabu, ila ina mtego: vizidishi vyake hubadilika ukiongeza kigeu kipya hata kama kigeu hicho hakihusiani na vile vya awali, kwa hiyo kuvilinganisha kati ya modeli mbili au kati ya makundi mawili kunapotosha. Suluhisho ni kuripoti wastani wa athari za pembezoni, yaani kwa wastani uwezekano unabadilika kiasi gani kigeu kikibadilika. Ukiyajua haya, tasnifu yako itapita mikononi mwa msimamizi wa upande wowote.

Data yenye ngazi, kama wanafunzi ndani ya shule, ni mgogoro mwingine. Mwanauchumi huweka athari thabiti za shule, yaani kila shule hupewa kiwango chake cha kuanzia, na kukokotoa makosa sanifu kwa vikundi. Mwanasosholojia huandika modeli ya ngazi nyingi yenye athari nasibu, yaani tofauti za shule huchukuliwa kuwa zimetokea kwa bahati nasibu. Athari thabiti humlinda mtafiti dhidi ya tofauti zote za shule zisizopimwa, lakini zinameza kila kigeu cha ngazi ya shule, mfano ukubwa wake au aina yake. Athari nasibu zinakuruhusu kukadiria vigeu hivyo, kwa sharti kwamba tofauti zisizopimwa za shule hazihusiani na vigeu vyako, sharti ambalo ni nadra kutimia. Njia ya kati ilitolewa na mwanauchumi Yair Mundlak mwaka 1978: ongeza wastani wa kila kigeu kwa kila shule ndani ya modeli ya athari nasibu. Ni mistari michache ya programu, na ni ajabu jinsi wanafunzi wengi wa pande zote mbili wanavyomaliza shahada bila kuisikia.

Halafu kuna mbinu ambazo uchumi kwa kawaida haufundishi kabisa: mahojiano ya kina, ushuhudiaji wa muda mrefu, uchambuzi wa mitandao ya watu, na utungaji wa hojaji. Hili la hojaji peke yake linatosha kuhalalisha kozi moja. Mwanauchumi hupakua data ya watu wengine akaamini kila safu. Aliyewahi kuandika swali la kipato, akalijaribu kwa watu kumi na kuona nusu yao wameelewa mshahara kabla ya makato na nusu baada ya makato, husoma data kwa jicho jingine.

Thamani ya kwenda kuuliza watu inaonekana kwa mwanasosholojia Mark Granovetter. Mwaka 1973 aliripoti kuwa miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua, habari mpya inatoka kwa wa mbali. Hakuna takwimu rasmi ya ajira ya wakati ule ambayo ingelionyesha hilo, kwa kuwa hakuna iliyouliza.

## Njia tatu kwa mizani

Kwa mfumo wa krediti za Ulaya, shahada ya miaka mitatu ni krediti 180, yaani 60 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Kozi ya krediti 6 basi ni saa 150 hadi 180, vipindi na usomaji wa peke yako vikiwa pamoja. Uingereza shahada ya miaka mitatu huhesabiwa krediti 360. Gawanya kwa mbili upate za Ulaya.

Somo moja la utangulizi, krediti 5 au 6, hukupitisha kwenye familia, dini, tabaka, jinsia, elimu na uhalifu, wiki moja kila mada. Unatoka na majina mengi na hujui kufanya chochote. Halina mbinu, na mada za uchumi huwa zimegusiwa kwa haraka. Tatizo lake kubwa ni kwamba linakuonyesha sosholojia ikiwa imekwisha kutafunwa, bila mabishano yake. Lichukue kama chuo kinalitaka liwe sharti la kuingia kozi za juu, au kama unataka kujipima kabla ya kuamua. Vinginevyo, omba ruhusa ulirukie. Vyuo vingi humruhusu mwanafunzi aliyefaulu takwimu kuingia kozi ya mwaka wa pili akiandika barua fupi kwa mhadhiri, na wanafunzi wachache mno hujaribu kuomba.

Mkondo mdogo, krediti 12 hadi 30, ndio tunaoupendekeza, kwa mpangilio huu. Kwanza takwimu za idara ya uchumi, kwa sababu bila hizo kozi ya mbinu za utafiti wa jamii itakuwa marudio au fumbo. Kisha kozi ya mbinu yenye hojaji na mahojiano ndani yake. Kisha kozi moja ya maudhui iliyo jirani na uchumi: sosholojia ya uchumi, matabaka na usawa, sosholojia ya kazi, au asasi na mashirika. Ya nne ikipatikana, nadharia za kijamii. Wengi hushauri nadharia ianze. Sisi twaona inanoga zaidi ikija mwisho, wakati una maswali ya kuipeleka kwake.

Shahada ya pamoja hugawa krediti karibu nusu kwa nusu. Hesabu unachokiacha kwenye uchumi: kwa kawaida ni ekonometriki ya pili, hisabati ya pili, na kozi mbili au tatu za mwaka wa mwisho. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa kinachoponyoka ni hisabati kila mara, kwa kuwa sosholojia haina kozi inayoirudishia. Kuna na kero ya uendeshaji ambayo vipeperushi havisemi: idara mbili zina tarehe mbili za kukusanya kazi, mitindo miwili ya kunukuu, na vigezo viwili vya alama. Uliza kabla ya kujisajili kama mratibu ni mmoja na kama tasnifu inaweza kusimamiwa na idara zote mbili. Ikiwa jibu ni "itategemea", chukulia ni hapana. Faida yake ni ya kweli kwa anayejua anakotaka kwenda: utafiti wa sera za jamii, demografia, elimu, soko la ajira, au uzamili wa sosholojia wenyewe.

## Sosholojia dhidi ya masomo mengine

Dhidi ya hisabati hakuna ubishi mrefu. Anayelenga uzamivu wa uchumi amalize kwanza kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano na uchambuzi halisi (hisabati ya kuthibitisha misingi ya kalkulasi). Kozi ya sosholojia haitafidia pengo la uchambuzi halisi mbele ya kamati ya udahili, hata ikiwa na alama ya juu kabisa. Zikibaki nafasi, ndipo sosholojia.

Dhidi ya saikolojia jibu linategemea unachokitafuta. Saikolojia ndiyo jirani wa uchumi wa tabia na inakupa ustadi wa majaribio ya maabara, lakini kitengo chake kinabaki mtu mmoja na maamuzi yake. Jaribio la wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini, lililochapishwa mwaka 2000, linakaa hasa kwenye mpaka huo. Katika vituo 10 vya kulelea watoto jijini Haifa, Israel, 6 vilianza kuwatoza wazazi shekeli 10 kwa kuchelewa zaidi ya dakika 10. Uchelewaji ukapanda hadi kufikia mara mbili hivi, na faini ilipoondolewa haukurudi ulipokuwa. Kisaikolojia unaweza kusema hatia iliondoka. Kisosholojia unasema uhusiano wa mzazi na mlezi ulibadilishwa ukawa wa mteja na muuzaji, na uhusiano haurudishwi kwa tangazo ukutani. Maelezo ya pili yanaeleza vizuri zaidi kwa nini kuondoa faini hakukusaidia kitu.

Sayansi ya siasa inamfaa zaidi anayeelekea fedha za umma, biashara ya kimataifa au taasisi za serikali. Historia ya uchumi ni mshindani mkali wa sosholojia kuliko watu wanavyodhani. Kama chuo chako kina kozi nzuri ya historia ya uchumi na sosholojia yake ni ya mihadhara ya watu 400 na mtihani wa kuchagua jibu, nenda kwenye historia.

## Kusoma silabasi kabla ya kujisajili

Jina la kozi halikuambii kitu. Fungua silabasi. Tazama kwanza alama zinatoka wapi: mtihani wa kuchagua majibu kwa asilimia 100 ni ishara ya kozi ya kukariri, insha mbili au mradi mdogo wa utafiti ni ishara njema. Tazama orodha ya kusoma: ikiwa yote ni sura za kitabu kimoja cha kiada, hutakutana na tafiti zenyewe. Tafuta majina ya wiki. Kozi ya sosholojia ya uchumi isiyokigusa kitabu cha Karl Polanyi cha 1944 wala makala ya Granovetter ya 1985 kuhusu jinsi matendo ya kiuchumi yanavyokaa ndani ya mahusiano ya watu imekosa uti wa mgongo. Angalia pia kama anayefundisha hufanya utafiti wa eneo hilo au amepangiwa tu.

Halafu jihadhari na marudio. Kozi ya mbinu ya sosholojia ambayo nusu yake ni wastani, mchepuko sanifu na rigresheni rahisi itakupa alama nyepesi na kukula saa 150 ulizohitaji kwingine. Baadhi ya vyuo havihesabu krediti za kozi mbili zinazofanana, na hilo hugunduliwa kwenye mwaka wa mwisho, wakati wa kuhakiki matokeo, ikiwa imebaki miezi michache kumaliza.

## Tasnifu ya pande mbili

Mchanganyiko unaofanya kazi katika shahada ya kwanza ni rigresheni kwenye data iliyopo, ikifuatwa na mahojiano machache yanayoeleza tokeo moja lililoshangaza. Mahojiano yasiwe pambo. Ukipata, tuseme, kwamba mafunzo ya ufundi yanaongeza ajira kwa wanaume tu, wahoji wanawake waliohitimu mafunzo hayo ujue wanakwamia wapi, basi.

Weka hesabu ya muda kwa ukweli. Saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa huchukua saa 4 hadi 6 kuandikwa kwenye karatasi. Mahojiano 12 ya saa moja ni zaidi ya wiki nzima ya kuandika tu, kabla hujaanza kuchambua. Idadi hiyo ya 12 si ya kubahatisha: Greg Guest na wenzake waliripoti mwaka 2006 kuwa ndani ya mahojiano 12 ya kwanza mada nyingi kuu zilikuwa zimeshajitokeza, lakini walihoji watu wa kundi linalofanana kwa swali finyu. Ukiwahoji waajiri na waajiriwa, hayo ni makundi mawili na idadi inapanda.

Kibali cha maadili ndicho kinachoua ratiba. Wanafunzi wa uchumi hawakizoei kwa kuwa data ya kupakua kwa kawaida haikihitaji, kisha wanagundua kwamba hawaruhusiwi kumhoji mtu yeyote kabla hakijatoka. Peleka maombi angalau wiki 6 kabla ya mahojiano ya kwanza, yakiwa na maswali, fomu ya ridhaa, na maelezo ya wapi rekodi zitahifadhiwa na zitafutwa lini. Maombi hurudishwa zaidi kwa kukosa hilo la mwisho.

Kwenye maombi ya kazi, usiandike tu kwamba umesoma sosholojia. Andika ulichofanya nayo: umetunga na kujaribu hojaji, umehoji watu kadhaa na kuchambua maandishi yao, umekadiria modeli ya ngazi nyingi. Mwajiri wa utafiti wa soko, takwimu au tathmini ya miradi anaelewa hizo. Kwenye maombi ya uzamili wa uchumi, ambatisha ukurasa mmoja unaoonyesha mada za takwimu zilizofundishwa ndani ya kozi ya mbinu za sosholojia, wiki kwa wiki, kwa sababu msomaji wa maombi akikuta jina la kozi peke yake ataihesabu kuwa si ya takwimu.